Aliyenishikisha Uzi

Sitakuapia. Nimekwisha kuapa mbele ya mama yangu, mbele ya wazee na mbele ya mdogo wangu mwenyewe, na hakuna aliyeniamini, kwa hiyo viapo nimeviacha. Wewe nitakusimulia tu. Ukiamini, vyema. Usipoamini, hutakuwa wa kwanza. Lakini jambo hili lilinifika mimi, hapa hapa Garissa, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ile ya vita, vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani vya majambazi. Sisi wafugaji tulikusanywa kwenye kijiji kimoja kando ya mji, kikazungushiwa seng'enge, na kutoka ni kwa kibali. Aliyekutwa nje bila kibali alihesabiwa shifta, awe na bunduki au awe na kibuyu cha maziwa tu.

Humo kijijini pakaanzishwa darasa la kina mama la kufuma sweta. Najua unacheka. Sweta, Garissa? Na sisi tulicheka. Lakini sweta zilipelekwa bara kwenye baridi, na sisi tukapewa unga na sukari, na mwenye njaa hachagui kazi. Mimi nikawekwa mtunza stoo. Nilijua kusoma kidogo, halafu, niseme ukweli, sipendi fujo. Hata leo sipendi. Wajukuu zangu wakiingia chumbani mwangu huvua viatu bila kuambiwa.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha mabati. Na nyuzi za sufu zina maadui wengi kuliko unavyodhani. Nondo wanazila, mchwa wanazifuata kutoka chini, panya wanazalia humo humo. Nilizipanga kwenye madebe ya samli niliyoyasugua kwa majivu, kila debe na rangi yake, majani makavu ya mwarobaini chini na juu, na madebe yote juu ya matofali. Na usidhani nyeupe ni nyeupe tu. Kila fungu lilikuja na kikaratasi chenye namba ya rangi, na nyeupe ya namba hii ukiichanganya na nyeupe ya namba ile, sweta inatoka mkono mmoja kama umechovywa chai. Kwa hiyo namba nazo nilizitenga. Sindano za kufumia, za chuma, zilikaa ndani ya kopo juu ya meza, jozi kwa jozi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nyuzi hazikuja zimezongwa madonge. Zilikuja mafungu marefu yaliyolegea, na kuyazonga lazima muwe wawili. Mmoja ananyoosha mikono yote miwili mbele, fungu linavikwa mikononi mwake, na mwenzake anavuta ncha na kuzonga donge. Anayeshika hawezi hata kufukuza nzi. Anakaa tu, mnatazamana, mnazungumza. Mwenzangu wa kazi hiyo alikuwa Halima, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Tulipokezana, leo yeye ashike, kesho mimi. Siri zangu karibu zote nilimpa yeye nikiwa na uzi mikononi.

Nasema karibu zote, kwa sababu ilikuwako moja ambayo hakuijua. Mdogo wangu Yusuf hakutaka kuingia kwenye seng'enge. Siku ya kukusanywa alikimbia, akajificha ng'ambo ya mto Tana, kwenye shamba la migomba la mzee mmoja wa Kipokomo aliyezoea kununua samli kwa baba. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na miaka kumi na minane na kiburi cha miaka kumi na minane. Tuliojua alipo ni mama na mimi.

"Hata Halima asijue," mama aliniambia.

"Hata Halima, hooyo," nikamjibu.

Kisha mama yake Halima akafariki Wajir, na Halima akapewa kibali cha kwenda kuzika. Magari siku hizo yalikwenda kwa msafara, na jeshi mbele na nyuma. Alipokwisha kufika, barabara ikafungwa. Wiki ya kwanza hakuna gari, wiki ya pili hakuna gari. Kijiji kizima kilijua hivyo, na mimi nilijua. Mafungu yakanirundikia stoo, nami sina wa kunishikia.

Siku hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, watu wamejilaza na joto, nilikuwa peke yangu stoo napanga mafungu manane meupe. Halima akasimama mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, bado unahangaika peke yako?"

Moyo wangu ulifurahi, niamini. Nilifurahi mpaka sikugundua kwamba hakutoa salamu, yeye ambaye alikuwa akisalimia hata mbuzi. Nilimpa pole ya mama yake. Akaketi.

"Leo shika wewe, mimi nizonge," akasema. "Ila toa kwanza hilo kopo la sindano. Zinanimulika machoni."

Nikalitoa, nikaliweka nje dirishani. Halima! Ambaye sindano aliichomeka kwenye shungi lake akaenda nayo mpaka sokoni, nikamgombeza! Hapo mtu mwenye akili asingeshtuka? Tena chini ya mabati yale mimi natiririka jasho, na yeye uso wake mkavu. Yote niliyaona. Lakini ukimpenda mtu, macho yanaona na moyo unamtolea sababu.

Tukaanza. Fungu la kwanza, la pili, la tatu, madonge yanapangwa mezani. Alizonga haraka, vizuri, bila kuangalia mikono yake. Alinisimulia vijana waliokamatwa kule njiani. Kisha akasema, "Mimi namwogopea Yusuf. Yuko salama?"

Nikauangalia uzi. Akazonga.

"Mama yangu amezikwa," akasema. "Nimebaki na wewe tu, na wewe unanificha."

Ungefanya nini wewe? Mikono yangu imefungwa, macho yake yako kwenye macho yangu, na nilimwonea huruma. Nikamwambia. Shamba la nani, upande gani wa mto, nyuma ya migomba ipi. Hakushtuka. Alimaliza fungu la nane, akainuka kabla ya adhana ya alasiri, akatoka. Nikayapanga madonge manane kwenye debe lake kwa mkono wangu huu, nikafunika na majani, nikafunga kifuniko.

Kesho yake alfajiri askari walivuka mto. Hawakutafuta. Walikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya ile migomba, wakamtoa Yusuf.

Mama alinitazama, akasema neno moja tu, "Halima?" Nikaitikia kwa kichwa. Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Nilimtafuta kijiji kizima nisimpate, nikasema amefichwa huko huko kwa askari, wanamlisha.

Siku ya nne msafara ukafika. Halima akashuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope, akanikimbilia huku analia. Nikamtemea mate. Mbele ya kina mama wote nikamwita jasusi, nikasema amemuuza mdogo wangu.

"Lini, abaayo?" akaniuliza. "Si ndiyo nashuka sasa hivi?"

Dereva akasema ni kweli, huyu nimempakia Wajir juzi. Wanawake wawili walioshuka naye wakasema tumelala naye matangani siku zote hizo. Nikakimbilia stoo. Nikafungua lile debe, nikaondoa majani. Hapakuwa na donge hata moja. Palikuwa na mafungu manane meupe, marefu, yamefungwa vile vile yalivyotoka kiwandani, vikaratasi vya namba juu yake. Hakuna mkono uliowahi kuyazonga.

Nilikaa sakafuni mpaka magharibi. Kumwomba Halima radhi niliomba, lakini neno jasusi miaka ile halikuwa neno la kuokota tena. Watu walishalisikia. Walianza kunyamaza akipita. Baada ya mwezi aliomba kibali cha kuhamia Masalani kwa mjomba wake, akaondoka bila kuniaga.

Yusuf alifungwa mbali, akarudi vita vimekwisha. Alimsalimia mama, akasalimia majirani, mimi akanipita. Nikafikiri amesikia kwamba nilitoboa siri, nikamfuata, nikamsimulia yote kama nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa umekaa mbele kwenye gari la askari. Ulinionyesha kwa kidevu. Nikakuita kwa jina lako, ukanitazama."

Elewa alichokuwa akiniambia. Kile kitu kilichonijia na uso wa Halima, kikaogopa chuma cha sindano kama majini wote, kilimwendea yeye na uso wangu. Alfajiri ile mimi nilikuwa nimelala kibandani kando ya mama. Nikamgeukia mama, nikamwambia, "Hooyo, mwambie nilikuwa wapi."

Mama akatazama chini. "Niliamka kusali," akasema. "Sikuangalia kama upo."

Alikufa bila kuongeza neno juu ya hilo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko uso wowote wa jini.

Yusuf akahamia Kutulo, akaoa, akazaa. Miaka mingi hatukusemezana. Halafu alipougua ule ugonjwa wa mwisho akaniita. Nilisafiri siku mbili. Nilimkuta amekuwa mifupa, mkewe na watoto wamemzunguka. Akanishika mkono.

"Abaayo," akasema, "nimekusamehe."

Nikafungua mdomo niseme si mimi. Nikawaona wale watoto wananisubiri, wanataka baba yao aondoke na moyo mweupe. Nikasema, "Amin. Mungu akulipe." Akafumba macho, ametulia. Usiku wa pili akafariki.

Sasa watoto wake wananiita shangazi, nikienda wananichinjia mbuzi. Wananipenda kweli. Kila mmoja anajua kuwa mimi ndiye niliyemuuza baba yao, na kila mmoja amenisamehe.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Siku ukimwona mtu wako anakusaliti, hata kama umemwona kwa macho yako mawili, mchana, usimtemee mate. Muulize kwanza alikuwa wapi. Mimi sikumuuliza Halima.