Maji ya Miguu ya Mwezekaji

Mume wangu ananijua. Akitoka shambani hawezi kuvulia gumbuti mlangoni. Anazivua kule nyuma ya choo, anaosha miguu kwenye mfereji, ndipo anaingia. Wageni hudhani mimi ni mwanamke wa kujidai usafi. Siyo hivyo. Harufu ile ya mguu uliochemka ndani ya mpira tangu asubuhi, ile inayotoka na mlio wa "plop" kisigino kikijinasua, ikinifikia tu natimkia nje. Nimejaribu kuizoea, wapi! Na kwa kuwa tumekaa hapa kwa starehe, ninyi na mimi, acha niwaambie ilikotoka.

Tulikaa nje kidogo ya Kitale, upande wa barabara ya kwenda Moi's Bridge, miaka ya themanini. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mahindi la mzee mmoja tajiri. Katika nyumba ndogo ya nyuma alikaa mdogo wake mama, Robai, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Mume wake alifanya kibarua Nairobi na kuonekana Krismasi, akiwa na mkate na suruali mpya. Mama mdogo alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba iliyofanya hata majirani wasiopenda watu wasimamishe jembe. Lakini alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, kabla hawajaota meno. Wanawake wa kanisani kwetu walimpa pole, halafu wakigeuka walinong'ona. Nadhani mnong'ono huo ndio uliomtoa kanisani, si kitu kingine.

Basi akasikia habari za Mwezekaji.

Jina lake la kuzaliwa sikulijua. Alikuwa jitu la mwili, mwenye kanzu nyeupe na, chini ya kanzu, gumbuti nyeusi, jua liwe mvua iwe. Boma lake lilikuwa mwendo mfupi kutoka kwetu, ukivuka kijito. Mahubiri yake yalikuwa mamoja tu, na nayakumbuka kwa sababu aliyarudia kila juma. Alisema, "Yesu alikuwa fundi mzuri, mimi sikatai. Alijenga ukuta. Lakini alienda kabla kuezeka! Sasa nyumba bila paa itakusaidia nini na hii mvua ya Kitale? Mimi ndiye mwezekaji. Mimi ndiye nililetwa kumaliza." Na watu wakaitikia, "Eeee!" Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kupanda mahindi kwa mstari na kuuza ng'ombe bila kupunjwa.

Mama mdogo alienda huko, akaombewa, na mwaka uliofuata akamzaa Simiyu. Huyu akaota meno. Akatambaa, akatembea, akaanza kunifuata kila mahali akiniita "Jala" kwa kuwa Nanjala lilimshinda. Basi nani angemwambia nini mama mdogo tena? Mfa maji hukamata maji, na yeye aliyoyakamata, kwa macho yake, yalikuwa yamemwokoa.

Siku moja mama akanipeleka huko, kwa udadisi tu. Mama yangu alikuwa na neno lake la kumalizia kila ubishi: "Mradi wanaomba." Baba akiguna juu ya Mwezekaji, mama anasema, "Si wanaomba? Mradi wanaomba." Mzee wa kanisa alipokuja kuulizia mbona Robai amepotea, akaambiwa alikoenda, naye akasema hivyo hivyo, akanywa chai yake akaondoka.

Nilipoingia pale boma, nyimbo zilinifurahisha, maana zilikuwa zetu zile zile za kanisani. Nikafungua mdomo niimbe. Lo! Mahali pa Yesu palikuwa pamewekwa Mwezekaji. Tuni ile ile, makofi yale yale, jina limeng'olewa, la huyu jitu limepachikwa. Nilikuwa mtoto wa miaka kama tisa na sikujua kueleza, lakini nilihisi vibaya, kama ambavyo ungehisi ukirudi nyumbani ukute mtu usiyemjua amevaa sweta ya baba yako.

Halafu ikaja ile kazi yao. Mwezekaji aliketi kwenye kiti cha mikono. Mwanamke wa kwanza alipiga magoti akamvua gumbuti. Plop, moja. Plop, mbili. Harufu iliyotoka humo, haki, nzi wenyewe walifikiria mara mbili. Wa pili alimimina maji ya vuguvugu kwenye karai. Wa tatu alichukua jiwe akamsugua visigino, na visigino vyenyewe vilikuwa na nyufa za kuficha punje za mahindi. Ngozi ikatoka ikaelea juu. Maji yakageuka rangi ya chai ya rangi. Nilidhani yatamwagwa kwenye ndizi kama maji mengine yoyote ya miguu.

Hayakumwagwa. Yalichotwa kwa kikombe cha plastiki, yakazungushwa, na watu wakanywa. Walikunywa wakifumba macho. Mwingine alilamba mdomo. Mama mdogo Robai alikunywa, akamnywesha Simiyu, kisha kikombe kikanifikia mimi, na mwanamke mmoja akaniambia kwa upole, "Kunywa, mtoto. Hii maji iko na baraka." Mama yangu alikuwa ameangalia kando, na ningali namshangaa. Nilipiga funda moja. Kulikuwa na kitu laini humo kikagusa ulimi.

Nilitapika juu ya mkeka, juu ya magoti ya yule mwanamke, na tone moja likafika kwenye kanzu. Nikajua nimekwisha. Kumbe Mwezekaji aliinua mikono akapiga kelele, "Wametoka!" Vigelegele vikapasua anga. Nilibebwa juu juu kama bibi harusi. Ati nimetolewa mapepo. Mapepo yenyewe yalikuwa maharagwe ya mchana, na yalionekana wazi pale mkekani kwa mwenye macho.

Tulicheka sana nyumbani, baba hata akashika mbavu. Hatukucheka muda mrefu.

Msimu wa palizi Simiyu alishikwa na homa. Alikuwa na miaka mitatu. Mwili ulichemka, macho yakawa manjano, akawa haniiti tena. Baba akasema apelekwe hospitali Kitale, trekta ipo. Mama mdogo akamkumbatia mtoto akarudi nyuma hadi ukutani. "Shemeji, wacha. Mwezekaji alisema mwenye anapeleka mtoto hospitali anasema paa yake inavuja. Yeye ndiye alinipatia huyu mtoto. Atamponya."

"Robai, mtoto anaungua!"

"Mimi niko na imani, shemeji."

Akahamia kwa Mwezekaji na mtoto mgongoni. Mama, ambaye sasa ile "mradi" ilikuwa imemkwama kooni, alituma neno kijijini kwao Myanga kwa mama yao, nyanya yangu, ambaye kwa lugha ya kwetu tulimwita Kukhu. Kukhu alipanda basi la kwanza kupitia Bungoma. Alifika kwetu na leso kichwani na akala zake za tairi miguuni, akakataa chai. Kukhu kukataa chai! Akaniambia, "Nanjala, wewe unajua njia. Twende."

Tulimkuta Mwezekaji kitini, miguu ndani ya karai. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti na lile jiwe mkononi, zamu yake, Simiyu amelala mgongoni shingo imelegea. Kukhu hakusalimia mtu. Alivuta benchi, akaketi mkabala na yule jitu, akavua akala moja, akanyoosha mguu wake mkavu wenye vumbi la safari.

"Nioshe," akasema.

Mwezekaji akacheka kidogo. "Mama mzee umepotea. Hapa mimi ndiye naoshwa."

"Sijapotea. Nimetoka Myanga kukuangalia. Yesu mwenye mimi najua alijifunga taulo, akainama, akaosha watu miguu. Wale walikuwa wavuvi, miguu yao ilikuwa michafu kama hii yangu. Hata yule alikuwa anaenda kumuuza, alimuosha. Hakunywesha mtu uchafu yake. Sasa wewe unasema umekuja kumalizia kazi yake. Si umalizie basi? Osha."

"Mtoeni huyu! Ako na pepo!"

"Haukuwacha kitu ya kumalizia," Kukhu akasema, kisha akajisahihisha, kwa maana Kiswahili kilimpiga chenga akikasirika. "Hakuwacha! Alimaliza yote kwa msalaba. Kama ni paa, tumekuwa ndani yake kitambo, wewe ndiye uko nje kwa mvua."

Wanawake walimvamia. Mmoja alimpiga usoni kwa kile kitambaa kibichi cha kupangusia miguu, na maji yale yakamtiririka Kukhu hadi shingoni. Hakuyapangusa. Aliendelea kumwita binti yake kwa neno letu la kubembeleza. "Robai, mayi. Nipe mtoto. Simama twende."

Ningetaka kuwaambia kwamba mama mdogo alisimama. Katika hadithi za kupendeza wangemfanya asimame. Alimwangalia mama yake, machozi yakimtoka, akasema, "Mama, mimi niko na imani. Nyinyi ndio hamna." Kisha akainamisha kichwa, akarudi kusugua kisigino kile.

Asubuhi yake baba alienda na vijana wawili wa shamba, akamchukua Simiyu kwa nguvu, akamfunga ndani ya koti lake, akaendesha trekta hadi Kitale kama mtu anayefukuzwa. Madaktari walimpokea mara moja. Walifanya yote, baba alishuhudia. Lakini alikuwa amecheleweshwa mno, na jua halijafika utosini Simiyu akatuacha.

Mwezekaji hakuja matangani. Alituma mjumbe, mwanaume mwenye sauti laini, aliyesimama mbele ya mama aliyefiwa akasema, "Baba anasema mtoto alikufa kwa sababu imani yako ilikuwa ndogo." Ptu! Nimekaa na sentensi hiyo zaidi ya miaka thelathini na bado nikiitaja natema mate. Wizi nauelewa, njaa ni njaa. Ulevi nauelewa. Lakini mtu anywewe maji ya miguu yake na mama, ammeze mwanawe, halafu amrudie yule mama amwambie hakuamini vya kutosha! Hata fisi akila hana maneno.

Kwa miaka mingi nilidhani ubaya wa jambo lile ulikuwa ni uchafu. Nikawa mtoto wa kunusa vikombe. Nilipokuwa sekondari ndipo swali likanijia, tena nikiwa naosha vyombo: je, kama maji yale yangekuwa safi? Kama angewapa maji ya kuchemshwa, kwenye glasi, na kijiko cha asali? Simiyu si angekufa vile vile? Angekufa. Kilichomzuia mama mdogo kupanda trekta ni kile alichoambiwa kuhusu Yesu ni nani, na nani amechukua nafasi yake. Uongo ule ungekaa hata kwenye glasi ya kung'aa. Na imani haikumpungukia. Kwetu sote hakuna aliyeamini kama yeye. Sisi tuliamini Jumapili, yeye aliamini hadi mtoto akalegea mgongoni. Ndiyo maana watu wakiniambia leo, kwa ile sauti ya chai na mandazi, kwamba mambo ya mafundisho ni ubishi wa wachungaji, mradi mtu anaamini, mimi huchefuka. Naomba radhi kwa ukali wangu. Ninyi hamkuiona ile shingo.

Katika miaka ya tisini, nilipomaliza shule, nilienda kukaa kwa muda Myanga. Mama mdogo alikuwa amerudi kwa mama yake. Mwezekaji alikuwa ametoweka siku nyingi. Wengine walisema amehamia mpakani, wengine walisema amefungwa, na hakuna aliyejua. Mama mdogo aliuza mboga sokoni, alicheka kidogo kidogo, na kila Jumapili alikuja kanisani nasi akaketi nyuma. Lakini hakuimba. Na wakati wa maombi, sote tukiinama, yeye alikaa macho wazi, akitazama dirishani.

Nilimwuliza tukichambua mboga, mimi na yeye tu. Nilikuwa kijana mwenye majibu mengi. Nikamwambia, mama mdogo, Yesu wa kweli si yule. Wa kweli alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Wa kweli aliwapokea watoto. Omba, atakufariji.

"Najua," akasema. "Kukhu wako amenifundisha yote upya, na ninaamini ni hivyo. Lakini Nanjala, nikifunga macho niseme Yesu, uso wenye unakuja ni wa yule mtu."

Akaendelea kuchambua majani na kuyaweka kwenye ungo. Kumbe Mwezekaji hakumwua Simiyu peke yake. Alikwenda akaketi mahali pa Yesu ndani ya kichwa cha mama mdogo, na siku mama yule alipohitaji mlango wa kwenda kumlilia mwanawe, aligonga, na aliyefungua alikuwa Mwezekaji.