Mabano Matupu

Dada aliyepanga chumba jirani na changu, mtaani Mwembesongo, aliniomba nimfundishe Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kampuni moja ya Dar ilikuwa imemwita kwenye mtihani wa kazi, na hakuwa na tegemeo jingine. Baba yake, Mluguru wa Mgeta, alikuwa amefariki. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo shamba la marehemu likaenda kwa watoto wa shangazi. Mama yake naye alitoka Singida, ambako ardhi hufuata baba. Akakosa huku na huko.

Zoezi lilikuwa kutengeneza orodha yake mwenyewe, inayokataa jina lililokwisha kuingizwa. Nikamwambia asihangaike. Orodha ya kawaida imo tayari ndani ya Python. Akiitaja tu kwenye mabano ya mstari wa kwanza, klasi yake, yaani hiyo orodha mpya anayoiunda, itarithi kila kitu, kuongeza, kufuta, kupanga. Yeye atarekebisha tu pale majina yanapoingizwa.

"Inarithi hivihivi?" akauliza. "Hakuna anayekuja kupinga?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mimi si mvumilivu. Kila tulipoanza upya aliacha mabano matupu, akaanza kuandika kuongeza kwake na kufuta kwake, mstari kwa mstari, kama anayefyatua matofali na nyumba ipo. Nikamfokea kwamba mtaka cha mvunguni huinama, lakini chake kiko mezani, anainama kutafuta nini? Akaomba radhi, akafuta, kisha akarudia vilevile.

Siku ya mtihani nilimwachia kompyuta yangu aufanye mtandaoni, nikakaa barazani. Alipotoka niliingia kutazama. Swali lilifanana na zoezi letu, na mabano yalikuwa matupu. Muda ulikuwa umemwishia akiwa bado anaandika kufuta kwake, na kabla ya magharibi kampuni ikamshukuru kwa kushiriki.

"Njia yako niliijua, kaka," akasema. "Mkono ulikataa."

Nilimkasirikia, halafu nikaona uchungu, na vyote viwili havikumsaidia. Haikupita wiki, binamu yake, mwenye shamba sasa, akapiga simu kwamba karoti zimezidiwa na magugu na vibarua hawatoshi. Dada akakubali. Nikambebea begi hadi kwenye lori la Mgeta lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha kabichi. Alikuwa anakwenda kupalilia shamba la baba yake, kwa ujira wa kutwa.