Chumvi ya Darasa la Nne

Dada yangu alisema sitaweza kurudi. Niliporudi, akasema sitaweza kukaa. Nilipokaa, akahamia kwa mtoto. "Huyu binti yako hatasoma huku," alisema. "Utamrudisha Malawi kwa bibi yake kwa mkono wako mwenyewe, na nauli utakuja kuniomba mimi." Mwenye duka mmoja wa Ipinda, aliyenijua tangu nikiuza ndizi kando ya barabara, alisema mtu aliyekaa Malawi miaka kumi na minne harudi kijijini kwetu Makwale kuishi, anarudi kuzikwa. Wote wawili walikosea, na ninaandika haya ili wasije wakabadilisha maneno.

Niliondoka nyumbani na cheti cha darasa la saba na kandambili. Mzuzu, kule Malawi, nilianza kwa kufagia karakana ya mafriji. Nikafagia huku naangalia, nikaangalia hadi nikashika bisibisi, nikasoma jioni kwa jasho langu, nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenilipia. Diploma yenyewe nimeiwekea laminesheni pande zote mbili, maana kwetu mvua haina adabu. Nilioa hukohuko, tukapata binti mmoja. Alipofika miaka tisa tulipakia vyombo kwenye lori, tukavuka mpaka wa Kasumulu mwezi wa kwanza, nikafungua karakana Ipinda kuwatengenezea mafriza wachuuzi wa samaki.

Mimi nilirudi nyumbani. Mke wangu na binti yangu walihamia nchi nyingine. Tofauti hiyo niliielewa baadaye, kwa sababu siku zile nilikuwa nashughulika kusalimiwa.

Shule nilikuwa nimeshaichagua kabla hatujavuka. Ilikuwa Kyela mjini, ya kulipia, masomo yote kwa Kiingereza, watoto wanavaa tai na kupanda basi la njano. Nilishawatangazia watu wa Ipinda kwamba basi lile litakuwa linapita kwangu. Nikavaa koti, nikachukua diploma yangu, tukaenda watatu. Binti yangu alijibu maswali yao yote kwa Kiingereza hadi mwalimu akaanza kuangalia saa. Nikaona mambo yamekwisha.

Tulipotoka nje ilikuwa mapumziko. Kulikuwa na mtoto amesimama peke yake karibu na bomba, amevikwa kibao shingoni.

"Bambo," binti yangu aliniuliza kwa Kichewa, maana ndivyo anavyoniita, "yule kaiba nini?"

Nikamuuliza mwalimu. Akasema mtoto yule alikutwa anaongea Kiswahili.

Mke wangu alinivuta koti hadi barabarani. Hapo akaanza. "Umetuleta huku ili mtoto apajue kwenu. Sasa unataka kumlipia mtu amwadhibu kwa kupajua?"

Basi la njano nikalifuta kichwani kabla hatujafika Ipinda, ingawa nilikuwa nimeshalitangaza.

Ikabaki shule ya serikali ya kijijini kwetu Makwale, ambayo mimi mwenyewe nilisoma, tena miaka mingine nikiwa nimekaa chini. Siku hizi ina madawati. Mwalimu mkuu ni mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, na hakuna mtu katika kata nzima anayebishana naye mara mbili. Malawi binti yangu alikuwa ameshafika darasa la nne, kwa hiyo nilitaka aingie la nne. Mwalimu mkuu akampa hesabu, mtoto akazimaliza. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili, polepole, "Asubuhi umekula nini?"

"Nimekula mpunga," binti yangu akajibu.

Huko alikozaliwa kila kitu ni mpunga: ulio shambani, uliokobolewa na uliomo kwenye sahani. Lakini hapa ni Kyela. Mtu anayekula mpunga Kyela ni kuku. Mwalimu mmoja aliyekuwa dirishani akauliza, "Pamoja na maganda yake?"

"Ndiyo," akasema binti yangu, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba mwalimu anajibiwa ndiyo.

Walicheka mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia. Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema, "Hesabu zake ni za la nne. Kiswahili chake hakijafika chekechea. Ataanza la kwanza. Mwezi wa sita nitampima tena, akiweza atakwenda la nne."

Nikatoa diploma. Akaigeuza mbele na nyuma. "Nzuri," akasema. "Ni ya kwako au ya mtoto?"

Jioni ile mke wangu alishusha begi lake la safari, akaweka ndani nguo tatu za mtoto na viatu, akalisimamisha nyuma ya mlango. "Mpaka mwezi wa sita," aliniambia. "Asipoingia la nne, anarudi Mzuzu kwa mama yangu. Sitaki mwanangu akue huku akiwa na magoti juu ya dawati la darasa la kwanza." Nikamwambia begi linaziba njia. Akasema ndiyo maana ameliweka pale.

Basi kila nilipotoka kwenda karakana nililikwepa, na kila niliporudi nililikwepa. Mtoto mmoja tu ninaye.

Mwezi wa pili binti yangu akarudi na ujumbe wa shule. Kila mzazi achangie chakula cha mchana: maharage kidogo, na mchele kilo tano. Hivyo ndivyo mwalimu alivyosema. Lakini sikio la binti yangu lilikuwa bado la Mzuzu, na kwa Kichewa chumvi inaitwa mchere. Akatuambia kwa Kichewa, lugha yetu ya mezani, kwamba shule inataka mchere kilo tano kila mtoto.

"Kilo tano za chumvi?" mke wangu akauliza. "Wanataka kuwakausha watoto?"

Nikamwambia asiidharau shule ya nyumbani kwetu, lazima wana mpango. Tena nikaona hapa ndipo pa kumkumbusha mwalimu mkuu binti huyu ni wa nani. Mtoto wa mwenye diploma hapeleki kilo tano. Nikaenda kwa yule mwenye duka wa Ipinda nikamwambia anipimie chumvi kilo ishirini.

"Umeacha mafriza, bwana diploma?" akaniuliza. "Sasa unakausha samaki?"

"Ni ya shule."

"Shule gani inakula chumvi hivyo?"

"Wewe pima."

Akapima, huku akitikisa kichwa. Nikafunga kiroba, nikampa bodaboda akipeleke pamoja na barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Barua ilisema kwamba wakati wazazi wengine wanatoa kilo tano, mimi natoa ishirini, na ningependa zipimwe mbele ya watu.

Kesho yake nikaitwa. Nikavaa koti, maana nilidhani naenda kushukuriwa. Kamati ya wazazi yote ilikuwa ofisini. Barua yangu ilikuwa mezani, na kiroba kilikuwa chini, mdomo wazi.

"Barua yako tuliisoma kwa sauti, baba," mwalimu mkuu akasema. "Tulipiga makofi kwanza. Kisha tukafungua."

Mzee mmoja wa kamati alichovya kidole kwenye kiroba, akalamba, akasema kwa huzuni, "Mchele huu umekolea chumvi sana."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nilianza kumlaumu mtoto, mwalimu mkuu akaninyamazisha kwa mkono. "Mtoto amebeba ujumbe kwa sikio alilonalo. Nyumbani mnaongea nini?"

"Kichewa. Na Kiingereza tukipata wageni."

"Na Kiswahili?"

"Natumia na wateja wangu."

"Basi na yeye mfanye mteja," akasema. "Chumvi yako chukua. Mchele ni kilo ishirini."

"Si mlisema tano?"

"Sisi tulisema tano. Wewe umeandika ishirini, na tumeshapiga makofi."

Shamba langu la mpunga lilikuwa bado kijani kibichi, na kila nilichokuja nacho kilikuwa kimezama kwenye karakana. Lakini hilo ningeweza kulizunguka. Aliyenifunga ni yeye mwalimu mkuu, maana aliongeza: "Na usiende kununua. Mtume binti yako akaazime kwa majirani, bakuli kwa bakuli. Aombe mwenyewe, kwa Kiswahili. Mkivuna mtarudisha."

Mimi niliyerudi na lori, niombe bakuli la mchele Makwale! Nilirudi nyumbani nimeapa siendi. Binti yangu akasikiliza yote, akaangalia begi nyuma ya mlango, kisha akaniangalia mimi. "Bambo," akasema, na safari hii kwa Kiswahili chake kilichopinda, "mimi naenda. Wewe beba tu."

Kumbe alikuwa hataki kurudi Mzuzu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi yeye akatangulia, mimi nikafuata na kiroba hatua kumi nyuma, kama mtu anayepita njia yake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyeolewa huku kutoka Ikombe, kunakofinyangwa vyungu. Binti yangu akapiga magoti, akasalimu kwa lugha ya kwetu kama nilivyomfundisha. "Mugonile, bibi. Naomba kuazima mpunga."

"Mpunga wa kupanda?" bibi akauliza. Akamshika mkono akampeleka uani. Akauingiza mkono ule kwenye kapu la mpunga, kisha kwenye ungo wa mchele, kisha akafunua chungu cha wali, akampa tonge. "Sasa sema, kimoja kimoja."

"Mpunga. Mchele. Wali."

"Rudia. Ukikosea, bakuli linabaki hapa."

Akarudia. Bibi akamimina bakuli moja la udongo, akasema na bakuli nalo lirudi, si mchele peke yake. Binti yangu akashukuru kwa "zikomo" ya Kichewa, akajirekebisha, "ndaga fijo" ya kwetu, na bibi akacheka akaongeza konzi moja ya mchele.

Habari ilitangulia. Nyumba ya pili nao wakataka kumpima. Ya tatu wakamwambia ahesabu mabata. Ya nne walimwomba aeleze mwenyewe ile habari ya chumvi, na akaieleza, kwa Kiswahili, tena akaigiza nilivyoingia ofisini na koti. Nilimsikia nikiwa nyuma ya migomba. Sikufurahia, lakini sarufi ilikuwa sawa. Ilituchukua wiki mbili kuzifikisha kilo ishirini. Shuleni watoto walimpa jina la Mchere, akaitika, na wenye kumwita ndio waliokuja kucheza nyumbani kwetu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya dada yangu. Alicheka hadi akakaa chini. Halafu akatoa bakuli kubwa kuliko wote, akapaza sauti ili nisikie kule njiani. "Mwambie baba yako kwamba nimemkopesha mwenye diploma!"

Tangu siku hiyo mezani kwetu ni Kiswahili. Mke wangu alianza kwa kisirani, akaendelea kwa sababu alitaka kunisema majirani waelewe. Begi likabaki nyuma ya mlango.

Mwezi wa sita mwalimu mkuu akamsimamisha binti yangu mbele ya darasa la nne. Akasoma ukurasa mzima. Mimi na mama yake tulikuwa nje ya dirisha, na mke wangu alinishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniumiza. Halafu lile swali likarudi. "Asubuhi umekula nini?"

"Wali, mwalimu. Umepikwa kwa mchele wa mpunga tuliovuna juzi, lakini majirani hatujawarudishia wa kwao."

Darasa lilicheka, na safari hii mwalimu mkuu naye alicheka. "Kaa hapo mbele," akamwambia. "Hapo ndipo darasa lako." Kisha akageukia dirishani. "Na wewe, baba, umesikia."

Jumamosi yake tukakoboa. Mke wangu alikwenda nyuma ya mlango, akalifungua begi, akatoa nguo tatu na viatu, akalikung'uta, akalijaza mchele. Mimi nikabeba chumvi, maana kilo ishirini za chumvi nyumba ya watu watatu haiwezi kuzimaliza, na nilikuwa nimeamua kila aliyetuazima apate bakuli lake na kikombe cha chumvi juu. Hivyo ndivyo anavyolipa mtu aliyetembea. Tulipita nyumba zote, binti yangu mbele, na kwa bibi wa Ikombe tulirudisha hadi bakuli.

Tukamalizia kwa dada yangu. Binti akapiga magoti. "Mugonile, shangazi. Nimeleta mchele wako."

Dada akachukua punje mbili akatafuna. "Kweli ni mchele," akasema. "Na baba yako mbona amesimama mbali?"

"Yeye amebeba chumvi."

Nikasogea, nikampimia kikombe kikajaa hadi kikamwagika, nikamuuliza ile nauli ya Mzuzu aliyosema nitakuja kumwomba iko wapi. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Nilishainunulia mbegu," akasema. "Tangu siku ile mtoto alipokuja kuomba bakuli."