Nusu Chupa ya Dawa ya Chafya

Tangazo nililisikia asubuhi nikichagua maharagwe mezani. Redio huwa naiwasha mapema, kwa sababu nyumba hii ikinyamaza kabisa nasikia hadi friji ikihema. Ati kuna dawa ya maji ya aleji inarudishwa madukani. Si chupa zote, ni zile tu zenye nambari fulani ya toleo, ile inayopigwa kwa wino hafifu karibu na tarehe ya kuharibika. Aliye nayo aache kuitumia, asiimwage chooni, airudishe alikoinunua. Mtangazaji akaisoma nambari mara mbili, polepole, kisha akaingia kwenye habari za mpira kana kwamba hakusema kitu.

Mimi si mtu wa kutishwa na redio. Lakini jina la dawa lilikuwa la dawa yangu. Nina aleji ya vumbi la mahindi, na kwa mtu wa Kitale hiyo ni sawa na kuwa na aleji ya hewa. Msimu wa kupukuchua ukifika na zile mashine zikianza kunguruma kila upande, macho yananiwasha na pua inafunguka kama bomba bovu. Mume wangu alipokuwa hai, nikipiga chafya alikuwa anasema "pole" bila kuinua macho kwenye gazeti, na nikifika ya nne ananiuliza kama nimeamua kuhamia huko kwenye chafya. Siku hizi napiga zote saba na hakuna wa kuniambia pole. Nimejaribu kujiambia mwenyewe, nikaona ni upuzi.

Boksi nilikuwa nalo, kwa sababu mimi situpi boksi. Nikavaa miwani nikalipeleka dirishani. Nambari ilikuwa ile ile. Nikaisoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo, nikitumaini pengine ingekosana mahali, na haikukosana.

Kama ingekuwa ni mimi tu, ningecheka. Mtu wa umri wangu ameshakunywa mengi. Lakini nusu ya chupa ile haikuwa kwangu. Ilikuwa Bungoma, kwa mjukuu wangu wa miaka minne, na aliyeipeleka huko ni mimi.

Acha nieleze, msije mkaniona mjinga kuliko nilivyo. Mwanangu, ambaye ndiye wa pekee niliye naye, anakaa karibu na chuo cha Kibabii na mkewe. Mkewe ni mwalimu, msichana wa huko huko Bungoma, mwenye adabu zake, mwenye maneno machache hadi nikiwa kwake najisikia nikipayuka. Hatujawahi kukosana. Hatujawahi pia kukaa chini tukapiga gumzo hadi chai ikapoa. Nikienda, nakuta mtoto amevalishwa vizuri, chakula kiko tayari, na mimi naulizwa safari ilikuwaje.

Ziara moja nikamkuta mtoto anapiga chafya, macho mekundu. Wengine wangesikitika. Mimi nilifurahi, na sioni haya kusema. Nikasema, hiyo pua ni yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu changu katika ile nyumba.

Kwa hiyo nilipokwenda tena nilibeba dawa. Nilichukua chupa ya vanila iliyokwisha, nikaiosha, nikaichemsha, nikamimina nusu ya dawa yangu humo. Nikabandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu, kijiko kimoja jioni. Hicho kijiko nilikikisia mwenyewe. Mimi nilikuwa nakunywa viwili, nikaona mtoto kimoja kitamtosha.

Ndivyo tulivyolelewa. Wazazi wetu walipohamia haya mashamba, wengi wakitoka upande wa Mlima Kenya na wengine wakishuka kutoka Elgon, duka la dawa lilikuwa mbali na barabara zilikuwa matope. Nyumba moja ikinunua, tatu zinakunywa. Aliyepona alimimina iliyobaki katika chupa yoyote safi akampelekea jirani. Kumnyima mtu dawa uliyo nayo ndani kulikuwa uchoyo kama kumnyima chumvi. Hakuna aliyeuliza nambari, na sidhani kama tulijua nambari zipo.

Wiki moja baada ya ziara ile mwanangu akapiga simu. "Mum, ile dawa imemsaidia sana. Ako poa kabisa." Sijui kama alijua alichonipa. Nilitembea na maneno yale siku nyingi. Niliwaambia akina mama wa kanisa. Nilimwambia hata yule mama wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo anayeniletea sukuma wiki mlangoni, na yeye shida zake ni kubwa kuliko chafya.

Basi asubuhi ile niliacha maharagwe nusu, nikabeba chupa yangu na boksi hadi duka la dawa. Dada wa pale akatazama nambari, akatikisa kichwa. "Ndiyo hii, mama. Umefanya vizuri kuirudisha. Kuna mtu mwingine ameitumia?"

Nikasema hakuna.

Nilisema hivyo, mtu mzima na mvi zangu. Nikapiga hatua tatu hadi mlangoni na miguu ikakataa kuendelea. Nikarudi nikamwambia kuna mtoto, ana miaka minne, nilimgawia katika chupa nyingine.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliweka kalamu chini akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Dawa ya mtu mzima si dawa ya mtoto hata ukipunguza, maana mtoto hupimwa kwa uzito wake. Dawa ikitoka katika chupa yake inakuwa haina jina wala tarehe, na siku kama hii hakuna anayeweza kuitambua. "Kama hiyo nusu ingekuwa imepita mikono miwili zaidi," akasema, "nani angejua ni yetu?" Kisha akaniambia nipige simu wakati ule ule, asipewe tena hata tone, wailete chupa, na kama mtoto analala kupita kawaida, anatapika au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja.

Nikampigia mwanangu, hapatikani. Alikuwa amekwenda Tongaren kununua mahindi, na huko mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Ikabaki nambari ya mkewe. Nilikuwa nayo miaka mitano na sikuwa nimewahi kuipiga, kila kitu kilipitia kwa mwanangu. Nikaipiga nimesimama kando ya barabara. Simu imezimwa, bila shaka yuko darasani. Nikaandika ujumbe: Msimpe mtoto ile dawa. Niko njiani. Nikapanda gari la Bungoma nikiwa na kanga ya jikoni bado kiunoni.

Njia nzima niliona mambo. Nilimwona mtoto amelala na haamki. Nilihesabu siku ambazo angekuwa ameinywa. Nikimaliza hayo, naanza mengine, na haya nitayasema hata kama yananiaibisha: niliogopa kwamba baada ya leo sitaachiwa mtoto tena hata nimfunge kamba ya kiatu. Nilimwomba Mungu mambo yote mawili kwa mara moja. Sijui aliyapanga vipi.

Nilipofika, mtoto alikuwa uani akimwosha mwanasesere wake kwenye karai. Akaniita shosho, yaani nyanya, akarudi kwa kazi yake. Nikamshika paji la uso, nikamtazama macho, nikamsikiliza pumzi. Alikuwa mzima.

Mkwe wangu akatoka akiwa bado na nguo za shule, simu mkononi. "Mama, nimesoma sasa hivi tu. Karibu ndani."

"Mmempa mara ngapi?" nikamuuliza hata kabla ya kusalimia. "Imerudishwa, ile dawa. Imetangazwa. Mmempa mara ngapi?"

Alikwenda jikoni, akapanda kigoda, akafungua kabati la juu kabisa. Akashuka na chupa yangu ya vanila. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Plasta ilikuwa bado imepita juu ya kifuniko kama nilivyoibandika, haijachanika.

"Sikumpa," akasema kwa sauti ya chini. "Haikuwa na jina la dawa, mama. Sikujua ni ya umri gani. Nilimpeleka kliniki wakampima, wakampa yake."

"Lakini mume wako aliniambia imemsaidia."

"Hakutaka ujisikie vibaya."

Mlango wa kabati ulikuwa wazi nyuma yake. Huko juu niliona asali ya Elgon niliyoleta Krismasi, utepe bado shingoni. Niliona mafuta ya kondoo ya kumpaka mtoto kifuani. Niliona unga wa wimbi nilioutwanga mwenyewe, mfuko umefungwa kwa fundo langu, maana fundo langu nalijua. Vyote vilikuwa vimepangwa vizuri, vimepanguswa vumbi. Hakuna kilichotupwa na hakuna kilichofunguliwa.

Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mama." Sikuwa nadanganya. Mjukuu wangu alikuwa mzima kwa sababu mama yake hakuniamini, na nilishukuru kwa roho yangu yote kwamba hakuniamini. Aliponiuliza kama niko sawa, nikaomba maji ya kunywa. Glasi zao za kila siku zilikuwa pale pale kando ya sinki, zimeoshwa. Akazipita, akaenda sebuleni, akafungua kabati la vioo, akanitolea glasi ya wageni.