Kichwa Changu na Mkebe wa Kilo Mbili

Heri niseme mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video. Yule mzee aliyekwama kichwa katikati ya vyuma, makalio yakiwasalimia watu upande huu na uso ukitazama mashine upande ule, ni mimi. Vyuma hivyo nilivitengeneza mimi, nikavipima mimi, na hakuna mtu aliyenisukuma.

Kazi yangu ni kuchomelea chuma hapa Nakuru. Natengeneza reli za kuzuia wafanyakazi wasianguke kutoka mahali palipoinuka, na vifuniko vya kuzuia mikono isiingie kwenye mashine. Vitu hivi huwezi kuvikuta dukani vikikungoja, kwa sababu kila mashine ina umbo lake na kila kiwanda kina pembe zake, kwa hivyo lazima fundi aende, apime, achore kwenye karatasi (mimi huchora nyuma ya kalenda), ndipo akate chuma. Mwenzangu katika kazi hii ni Rotich, mtu wa Olenguruone, ambaye mkono wake wa kulia una vidole vitatu.

Vidole viwili vinavyokosekana lazima nivieleze, la sivyo hamtaelewa kilichonitoa machozi.

Tulikutana na Rotich tukiwa vijana, kwenye kiwanda cha mbao kule Elburgon. Hata leo nikipita penye mbao mbichi harufu yake hunirudisha kule: ukungu wa asubuhi, chai ya sufuria kubwa iliyonukia moshi, na Rotich akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kushindana na msumeno. Msumeno ule ulikuwa na kifuniko, na kifuniko kile kilikuwa kinatuchelewesha, maana mbao ilikuwa inakwama hapo kila mara. Siku moja tulitaka kumaliza mapema twende kutazama mpira, nikachukua spana nikafungua bolti nne. Nilijiambia ni dakika tano tu, nitakirudisha. Sikukirudisha. Baada ya chakula cha mchana Rotich akarudi kwenye msumeno akiimba, na wimbo huo hakuumaliza. Msimamizi akasema Rotich mwenyewe ndiye aliyekitoa, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Nikanyamaza mwaka huo, na mwaka uliofuata, na miaka yote niliyojifunza kuchomelea nikamwita tufanye kazi pamoja. Vifuniko vyote nilivyotengeneza maishani nilikuwa namtengenezea yeye, ila yeye sikumwambia.

Sasa turudi kwenye aibu.

Mwaka juzi tulipata kazi katika kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo. Juu kuna jukwaa ambapo akina mama humimina magunia ya pumba kwenye mdomo wa mashine ya kuchanganya, na jukwaa hilo halikuwa na reli. Madam Achieng, msichana anayesimamia usalama pale, alikuwa amelifunga: hakuna mtu kupanda mpaka reli iwekwe na yeye aikubali. Kwa hivyo akina mama kama ishirini walikuwa wamekaa nje siku ya tatu, hawafanyi kazi, hawalipwi, na kila nikipita wananiuliza, "Guka," yaani babu, "bado tu?"

Vyuma vya kusimama kwenye reli vinatakiwa kuachana kwa nafasi moja tu, ndogo. Kwa miaka mingi nilikuwa na kipande cha mbao (cha Elburgon, nilikitunza) ambacho nilikuwa nakiweka katikati ya chuma na chuma ili nisipime kila mara. Asubuhi ya kuchomelea sikukiona. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kuni zimelowa, na mke wangu alikuwa amewashia jiko kipande changu. Ningechukua tepu ya kupimia, lakini miwani niliiacha nyumbani Kaptembwo na namba za tepu bila miwani naziona kama mchwa wakihama, na kumwomba Rotich anisomee niliona ni kama kukubali nimezeeka. Basi nikatazama pale chini nikaona mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, ule tunaowekea bolti. Nikauweka katikati ya vyuma viwili, nikafunga jicho moja, nikasema unatosha.

Rotich akasema, "Mwaniki, huo ni mkebe."

"Nimeona ni mkebe."

"Tepu iko hapa."

"Rotich, shikilia chuma."

Akashikilia. Tukamaliza siku hiyo hiyo, tukaenda kufunga reli, na kwa kweli ilikuwa imenyooka, ungeipenda.

Kesho yake Madam Achieng akaja kukagua, akina mama wote nyuma yake. Akaanza na kifuniko cha mkanda wa mashine chini, akajaribu kuingiza kidole, kikakataa. Akasema, "Kazi safi, mzee." Hapo ndipo nilipoharibika, kwa sababu nikisifiwa mbele ya watu huwa narefuka. Tukapanda jukwaani. Akaitazama reli, akainama, akasema kwa upole, "Lakini mzee, hizi nafasi ni kubwa. Kichwa cha mtu kinaweza kupita hapa."

"Madam," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ili wa nyuma wasikie, "hii kazi nimeianza kabla hujazaliwa. Kichwa hakipiti."

"Mimi naona kinapita."

Ningenyamaza. Ningeomba tepu. Badala yake nikavua kofia (nisiiharibu), nikapiga magoti, nikaingiza kichwa changu ili kumwonyesha kwamba hakiingii.

Kikaingia.

Kuingia kiliingia vizuri, masikio yakalala nyuma kama ya sungura. Kurudi, masikio yakasimama. Nikavuta, nikazungusha, nikajaribu kwa upande, na nyuma yangu mama mmoja akasema, "Guka, sasa tumeamini kinapita, toka."

"Natoka," nikasema.

"Hatoki huyo!" mwenzake akadakia.

Wakaangua kicheko mpaka vyuma vikatetemeka. Mwingine akawa anasema nisitolewe kwanza, simu yake inawaka pole pole. Madam Achieng alijikaza asicheke, na huruma yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Mpishi wa kiwanda akaletwa na mafuta, nikapakwa masikio yote mawili kama chapati, na yalitoka katika mkebe wa kilo mbili, naapa, ndugu yake na ule wangu. Hayakusaidia. Madam akasema aite watu wa zimamoto. Rotich akasema hapana, huyu ni wangu.

Nikasikia akiunganisha grenda kwenye umeme. Wakanifunika gunia lililoloweshwa, nikabaki naona pumba tu na mdomo wa mashine chini yangu. Ule mkono wenye vidole vitatu ukanishika shingoni ili nisitikisike. Nitawaambia ukweli, niliogopa. Kulikuwa na diski ya kukata chuma karibu na sikio langu, na aliyeishika ni mtu niliyemponza, naye anataka tu nitulie. Maneno yakatoka yenyewe.

"Rotich. Ile siku ya Elburgon. Zile bolti nilifungua mimi."

Grenda ilikuwa haijawashwa. Wote walisikia.

Rotich hakuondoa mkono. Akasema, "Najua. Spana ilikaa mfukoni mwako wiki nzima. Uliniletea uji hospitalini ukiwa nayo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Halafu akaongeza, "Sikujua itabidi kwanza ukamatwe kichwa. Tulia nikate."

Akakata chuma kimoja, juu na chini, akakiondoa, nikatoka nikiwa nimejaa mafuta na pumba na machozi, na hakuna aliyecheka tena, isipokuwa Rotich, ambaye alicheka mpaka akakaa chini.

Reli yote tuliibomoa siku hiyo, tukaifanya upya kwa tepu, Rotich akisoma namba kwa sauti na mimi nikiitikia kama mtoto wa shule. Akina mama walikaa nje siku nyingine mbili kwa sababu yangu, na niliwaomba msamaha mmoja mmoja. Kabla sijafika nyumbani binti yangu alikuwa amenipigia kutoka Kihoto: "Baba, huyu ni wewe?" Nikasema ni mimi. Nimechoka kunyamaza.

Siku hizi miwani iko shingoni kwa kamba na tepu iko mfukoni, na mkebe hauniingilii kazini hata ukiwa na bolti. Na kila tukimaliza kufunga kifuniko, hakukosi mteja wa kuuliza kama anaweza kukitoa kidogo, dakika tano tu, kazi ikiwa ya haraka. Namwita Rotich aje amsalimie kwa mkono.