Hotuba ya Kaka Iliyokuwa Ikikatika

Kaka yangu alikufa akaniachia chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Kashai, na kompyuta ya mezani aliyokuwa akichapia barua za watu. Tulimzika nyumbani Izigo, kibanjani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na wengine wetu. Tangu vita vya mpakani viishe, huyu alikuwa mtoto wa tatu wa mama kuzikwa pale. Sikulia sana. Nilikuwa nimechoka.

Wiki ya pili mama aliagiza nimtayarishie CD ya harusi ya binamu yetu, anakuja kuitazama. Kaka alitoa hotuba katika harusi ile, mwaka mmoja kabla ya kufa. Mama hakwenda, alikuwa akimwuguza dada yetu. Sasa aliamini kwamba kaka alikwenda mzima, na kwamba watu wa bibi harusi, kule Kagoma, walimlisha kitu. Alikuwa ameshalisema hilo mbele ya majirani. Alitaka kumwona alivyokuwa mzima.

Kompyuta ndiyo iliyokuwa tatizo. Kila ilipofika kwenye hotuba, picha iliganda, ikaruka mbele, na sauti ya kaka ikakatika katikati ya neno. Nilimwendea fundi mmoja karibu na soko, Msukuma.

"Prosesa yako inakwenda megahezi 166," alisema. "Hamisha jampa hii, hiki kiplastiki kwenye bodi, itakwenda 200. Volti usiguse."

"Ikigoma?"

"Weka kidole kwenye bati la kupozea. Ukihesabu mpaka kumi hujaungua, iko salama. Usiongeze volti kwa hasira. Nawajua nyie Wahaya, kila kitu mnataka kiwe kikubwa kuliko cha jirani."

"Na nyie Wasukuma je?"

"Sisi tunaswaga ng'ombe taratibu, tunafika."

Nilihamisha jampa. Niliiacha CD ikizunguka kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, nikigusa bati kila baada ya muda. Nilifika kumi kila mara. Hotuba ilipita bila kukwama, lakini sikuitazama. Niligeukia ukutani nikasikiliza tu.

Mama alifika kesho yake mchana, na mzigo wa nyasi kavu kichwani. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Nikae juu kama nimekuja harusini? Mwanangu yuko chini."

Akatandaza nyasi sakafuni kama zilivyotandazwa msibani, akaketi. Basi nami nikaishusha kompyuta, kioo na boksi lake, nikaviweka kwenye nyasi mbele yake. Ubavu wa boksi niliuacha wazi ili lipate hewa. Niliona nimefanya la maana.

Harusi ilianza. Mama alitaja watu mmoja mmoja, na baadhi yao nao walikuwa wameshakufa. Mshereheshaji alipomwita kaka, picha iliganda.

Niliwasha upya. Ikaganda palepale. Nilidhani prosesa inahitaji nguvu zaidi kwa kasi ile mpya, na nikafanya kile nilichokatazwa: nilipandisha volti hatua moja. Safari hii haikufika hata kwenye keki. Nilipogusa bati, nilitoa kidole kabla ya kuhesabu mbili.

"Unapika nini humo, mwanangu waitu?" mama aliuliza. "Pananuka."

Nilichungulia. Feni ilikuwa imesimama. Unyasi mmoja ulikuwa umekwama kwenye mapanga yake, na vumbi la nyasi limejaa katikati ya meno ya bati.

"Ninapika nyasi zako, mama."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Niliurudisha umeme wa prosesa kwenye volti zake za mwanzo, nikatoa vumbi kwa kijiti na kupuliza, tukasubiri ipoe. Boksi nililipandisha mezani, kioo nikakiacha chini na mama.

Kaka alipoitwa, picha haikuruka. Zamani ilikuwa ikiruka kutoka kaka akiwa ameketi hadi kaka akiongea. Sasa tuliona yote yaliyokuwa katikati. Aliishika meza kwa mikono miwili ili asimame. Koti lilining'inia mabegani kama la kuazima. Alisubiri pumzi irudi, akafuta jasho, ndipo akatabasamu na kusalimia.

"Rudisha," mama alisema.

Nilirudisha. Akasema tena nirudishe. Mara ya tatu aliniambia nisimamishe pale aliposhika meza.

"Alikuwa anaumwa."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Kaka alikuwa ameniapisha.

"Nilijua. Alinikataza nisikwambie. Alisema una mgonjwa mwingine mkononi."

"Ni huu ugonjwa? Uliomchukua dada yako?"

"Huo huo."

Siku zile hatukulitaja jina lake ndani ya nyumba. Lilikuwa UKIMWI. Wote wawili.

Mama alizikusanya nyasi mbele yake na kuzisambaza tena. Hakunigombeza, ingawa nilitamani anigombeze.

"Nimewachafua watu wa Kagoma," alisema. "Wale watu walimpa chakula tu."

"Tutakwenda kuwaomba radhi."

"Kesho. Na utasema wewe. Mimi nikianza kusema nitalia, watadhani nalilia mwanangu."

Tulikwenda. Nilisema mimi.