Mpiganaji Wangu Hana Mvi

Nilikutana naye nikiwa msichana, siku nilizokuwa nikisuka nywele katika saluni moja ya Thika. Mlango wa pili palikuwa na chumba cha gemu, na alasiri wateja wakikosekana nilikwenda huko kucheza gemu ya kupigana ngumi na mateke. Nilimchagua mwanamke mwenye mkanda wa kijani kiunoni kwa sababu wavulana walimdharau. Walisema mateke yake ni mafupi. Tangu hapo sijawahi kuchagua mpiganaji mwingine.

Sasa nina saluni yangu Gatongora. Nina mvi ninazozitia rangi, miwani, na kidole gumba cha kulia kinachouma kwa miaka ya kusuka. Yeye ni yule yule. Kila gemu mpya ikitoka wanamchora vizuri zaidi, hata jasho la shingoni linaonekana, lakini haongezi hata mwaka mmoja.

"Kwa nini hawamwachi azeeke?" nilimuuliza binti yangu, anayesomea kompyuta chuoni.

"Mum, wakimzeesha nani atamnunua? Mtoto anayeanza leo anataka mtu wa kuruka. Na nyinyi wa zamani mnataka yule yule mliyemzoea."

"Mimi ningemnunua hata na magoti mabovu."

"Wewe peke yako!"

Alicheka, kisha akaniambia kuna mashindano ya gemu hiyo Thika. Alisema kwa mzaha. Nikamwambia aniandikishe.

Nikaanza mazoezi kila nikifunga saluni. Kidole kilikataa kubonyeza vitufe vya padi kwa yale mateke ya harakaharaka niliyoyazoea. Nilikasirika, nikaizima televisheni, nikaiwasha tena. Yeye alikuwa bado anaweza kuruka. Mimi ndiye niliyeshindwa kumrusha. Basi ilibidi apigane kama mtu wa umri wangu. Nikamzoeza kukinga na kungoja, mwenzake achoke kwa pupa yake, ndipo apige teke moja la maana.

Siku ya mashindano, ukumbini, kijana niliyepangiwa kwanza aliniangalia juu hadi chini.

"Mathe, umeleta mtoto?"

"Nimekuja kukupiga. Kaa."

Nikampiga. Wa pili nikampiga pia, ingawa kwa shida, na watu wakaanza kusogea nyuma ya kiti changu. Binti yangu akaweka simu mfukoni, akatazama.

Wa tatu alikuwa msichana mpole kutoka Kahawa Sukari. Naye alimchagua mwanamke wangu, ila wake alivaa mkanda wa manjano ili tusichanganyikiwe. Tulipoanza, wake aliruka vile wangu alivyokuwa akiruka zamani. Niliona wivu, sikatai. Nilikinga, nikangoja, nikampata mara moja, akayumba, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Halafu kidole kikaganda, na kabla sijakinyoosha wangu alikuwa chini.

"Umejitahidi, Mum," binti yangu alisema akiokota mkoba wangu. "Twende?"

"Bado."

Nilimfuata yule msichana, nikamwomba anionyeshe teke lake la mwisho, polepole.

"Lakini kidole changu hiki ni kibovu," nikamwambia. "Nitafutie njia ya kulipiga kwa mkono wa kushoto."

Alifikiri kidogo, akavuta kiti. "Sawa, auntie. Shika padi hivi."

Tulikaa hapo tukijaribu na kukosea mpaka wenye ukumbi wakaanza kukunja meza.